Filamu iliyoanza na msiba ikaisha mama akiwa hai: ilivyonifundisha kuandika, Bukavu enzi za Zaïre

Wakuu, habari za mapumziko.

Juzi niliona humu watu wanaulizana waandishi wanatoa wapi mawazo. Mmoja akasema yeye hutoa kwenye filamu anazozipenda, basi akachekwa uzi mzima. Mimi sikucheka, maana hata mimi nilitoa huko huko. Ninayoyaandika yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa na jirani. Pale nitakaposahau nitasema nimesahau.

Wale wa "fupisha uzi" mnisamehe. Mimi ni mtu mzima, naishi Kigoma peke yangu, na wiki nzima inaweza kupita sijaongea na mtu zaidi ya muuza mkaa. Leo mtanivumilia.

Nimezaliwa Bukavu. Naongelea miaka ya sabini, nchi ikiitwa Zaïre, wanaume wa ofisini wakivaa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai. Mtu ukimwita "monsieur" mbele za watu badala ya "citoyen", yaani raia, kama serikali ilivyoagiza, anageuka kwanza kuangalia nani kasikia.

Baba yangu alikuwa karani. Mama alishona nguo nyumbani. Mimi Nsimire nilikuwa mtoto pekee, jambo ambalo kwetu ni la ajabu kidogo. Watu walikuwa wanauliza "na wengine?" kana kwamba tumewaacha njiani.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mama aliugua kipindi cha mvua. Alipelekwa hospitali, hakurudi.

Msiba ulikuwa na watu wengi sana. Ndugu walitoka Nyangezi, wakatoka Mumosho, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Kisha matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake, nyumba ikabaki na watu wawili wasiojua kuongea.

Baba hakuwa mkali, tusielewane vibaya. Aliacha tu kusema. Nikimsalimia anaitikia kooni. Alikuwa anakula chumbani kwake, saa anayojua yeye, na sahani naikuta mlangoni nusu haijaguswa. Jina la mama halikutajwa tena ndani ya ile nyumba.

Nilikuwa naongea na sufuria, wakuu. Sitanii.

Sasa tuje kwenye filamu.

Parokia yetu ilikuwa na ukumbi, na Jumapili mchana, baada ya misa ya mwisho, Frère mmoja mzungu, bruda wa kanisa, alikuwa anaonyesha sinema kwa projekta. Shuka jeupe ukutani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto la watu, basi raha yetu ndiyo hiyo. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hakuna aliyekijua. Kwa hiyo mbele alikaa Tonton Bisimwa, mjomba wa mtaa mzima, fundi baiskeli, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akitueleza kinachoendelea.

Tonton naye Kihindi hakukijua. Alikuwa anatunga. Wote tulijua anatunga, na hakuna aliyejali.

Jumapili moja ikaletwa filamu ambayo jina lake silijui hadi leo. Ilikuwa mikanda mitatu. Makopo yalinyeshewa safarini, karatasi za namba zikabanduka, Frère akaipanga kwa kubahatisha.

Ikaanza moja kwa moja na msiba. Mama amelala, amefunikwa, binti mdogo analia, baba amesimama mlangoni kama gogo. Nilitaka kutoka nje. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu, sikuweza kupita.

Mkanda wa pili, binti amekuwa mkubwa, anateseka, anaolewa. Tukalia tena, tukashangilia.

Ukaja mkanda wa tatu. Kwanza yakatokea maandishi makubwa yanayopanda shukani, na muziki. Halafu, wakuu, mama akatokea. Mzima kabisa. Anapika, anamtania mume wake, anamwita binti ndani aje kula. Na binti amerudi kuwa mdogo!

Bila shaka mmeshaelewa. Mkanda wa kwanza ulikuwa umewekwa wa mwisho.

Wote tukamgeukia Tonton. Nakumbuka alijikuna kichwa mara moja tu, akasimama.

"Citoyens, citoyennes! Yale maandishi mumeona ni laissez-passer. Hata kule mbinguni iko bureau na bakarani! Bamemupatia maman ruhusa arudie nyumbani kidogo, aone batu yake."

Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Na mutoto? Juu ya nini amekuwa tena mudogo?"

Tonton hakusita.

"Maman hajue kama mutoto alikomaa. Anamuona vile alimuacha."

Nililia siku ile hadi jirani yangu akanishika mkono, mtu nisiyemfahamu. Ila kilikuwa kilio kingine, si kile cha makaburini. Nilirudi nyumbani natembea polepole, sitaki kufika.

Jumapili iliyofuata Frère alishagundua kosa lake, akaipanga filamu sawasawa. Mama akaanza mzima, akafa, na filamu ikaendelea bila yeye hadi mwisho. Ilipoisha hakuna aliyenyanyuka. Watu walianza kugonga mabenchi: "Turudishie maman! Frère, turudishie maman!"

Masikini Frère alijaribu kueleza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba hivyo ndivyo wenyewe walivyoitengeneza. Nani amsikilize? Akaurudisha mkanda wa kwanza, tukamwona mama tena, ndipo tukaenda makwetu. Kuanzia siku hiyo, mjini kwetu filamu ile ilionyeshwa kwa mpangilio wa kosa, na mimi sikuikosa hata Jumapili moja.

Nafungua mabano hapa. Vijana mnasema "inspiration", mnadhani ni kuchukua kisa cha mtu na kubadilisha majina. Mimi kisa sikukichukua. Nilichochukua ni lile kosa. Kwamba unaweza kuanzia mahali palipouma, ukamaliza mahali ambapo mtu bado anaita wenzake waje kula.

Basi ikafika sikukuu ya parokia. Vijana tukaambiwa tuandae mchezo wa kuigiza. Nikasema naandika mimi.

Niliandika kwa mpangilio ule ule. Mwanzo msiba, katikati miaka ya binti kuhangaika, mwisho mama yupo jikoni anamwita baba. Yale maneno ya mwisho sikuyatunga. Yalikuwa ya mama yangu, neno kwa neno, alivyokuwa anamwita baba kila mchana mzee akiwa ameng'ang'ania redio yake.

Niseme wazi: mchezo ule niliuandikia mtu mmoja. Ukumbi mzima ungeweza kuwa mtupu, mradi baba akae kwenye benchi na asikie yale maneno. Nilidhani akiyasikia ataanza tena kuongea. Nilikuwa msichana, nilikuwa na akili za kisichana.

Tatizo likawa nani acheze mama. Kwetu kujilaza na kufunikwa kama maiti ni kujiitia kifo. Wasichana wote walikataa, na mama zao wakaja kunigombeza. Nikajilaza mimi.

Kumshawishi baba aje kulichukua siku nyingi. Sikumwambia mchezo unahusu nini. Nilimwambia tu, "Papa, nitaigiza, kuya uone." Siku yenyewe alivaa abakosti yake ya kijivu, akaja, akakaa karibu na mlango.

Pazia likafunguliwa. Mimi nimelala kwenye mkeka, nimefunikwa kitenge uso mzima. Wenzangu wakaanza wimbo wa msiba, na watu ukumbini wakaitikia, maana ule wimbo kila mtu anaujua.

Kitenge kilikuwa chepesi, mwanga unapita. Nikamwona baba anasimama.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Baba yako anaondoka, wewe unajua mbele kuna kitu kizuri umemwandalia, kimebaki kitambo kidogo tu, na huwezi kumwita kwa sababu wewe ni maiti. Nilisikia viatu vyake kwenye sakafu. Nilisikia mlango. Machozi yakawa yananiingia masikioni na sikuweza hata kujifuta.

Mchezo uliendelea. Mwisho nikasimama, nikapika, nikaita. Walipiga makofi, Tonton Bisimwa alipiga hata miguu. Mimi nilimwitia mume asiyekuwepo, basi.

Nyumbani nilimkuta sebuleni, bado amevaa abakosti. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema tangu msiba, na natamani yasingekuwa yale.

"Ulimuweka maman yako mbele ya batu. Ulimufanya spectacle."

"Papa, haukuona mwisho. Mwisho anarudi."

"Hakuna wenye kurudi, Nsimire. Siku ya posho nitakupeleka Nyangezi kwa shangazi yako. Hii nyumba nitaifunga, miye nitatafuta chumba karibu na bureau."

Siku ya posho ni Jumamosi, kwa wasiojua. Hakugomba, hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma tangazo.

Nilikuwa nimempoteza mama, sasa nampoteza baba, na nyumba yenyewe, na haya ya pili nimejiletea kwa mchezo wangu mwenyewe. Ile wiki ilikuwa mbaya. Nilipanga nguo zangu kwenye sanduku, nikazipangua, nikazipanga tena. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Ijumaa baba hakwenda kazini. Alikuwa sebuleni amekaa tu, redio imezimwa, haikuwashwa tangu siku ya mchezo. Mimi nikaingia jikoni nyuma ya nyumba, nikapika bugali na sombe, nyinyi mnaita kisamvu. Nilipika vizuri, nilijua ni mara ya mwisho kupika pale.

Sikupanga nilichokifanya. Au labda nilipanga, sikumbuki. Chakula kilipoiva nilisimama kwenye mlango wa jikoni, pale pale alipokuwa anasimama mama, nikaita kwa sauti yake:

"Papa Nsimire! Bugali inapoa! Ile radio yako haishibishe mutu!"

Na kutoka sebuleni, haraka, bila kufikiri, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miezi mingi, baba akajibu:

"Nakuya, maman, acha nimalize kusikia nouvelles!"

Redio imezimwa, wakuu. Hakukuwa na habari yoyote ya kusikiliza. Niliganda pale na mwiko mkononi. Nikaelewa kwamba amejibu, ila hakunijibu mimi.

Alikuja hadi mlango wa jikoni taratibu, ameshika ukuta. Aliniangalia muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Kwa sauti ile ile, maneno yale yale. Nilijitahidi kuliko hata ukumbini.

Safari hii hakujibu. Alitikisa kichwa, na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza mbele yangu, kwa maana msibani hakulia. Alilia amesimama, mikono imening'inia, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Sauti ni yake," akasema. "Lakini yeye alikuwaka ananiita mara moja tu. Nisipokuya, anakula peke yake. Hakuna siku aliniita mara mbili."

Akajifuta kwa kiganja. Akavuta kigoda cha jikoni, akanisogezea mimi, yeye akatafuta kingine.

"Ikala, mwanangu. Tule."

Tulikula pale pale jikoni. Aliuliza kama sombe ina mawese ya kutosha. Nikasema ndiyo. Jumamosi ilipofika hakutaja Nyangezi, nami sikumkumbusha, nikalitoa sanduku kitandani. Sauti ya mama sikuiigiza tena, wala yeye hakuniomba. Nilikuwa namwita kwa yangu, na alikuwa anakuja. Wakati mwingine alichelewa, lakini alikuja.

Baba ameshafariki, miaka mingi sasa. Nimeandika michezo ya shule, ya kanisa, mingine imepita redioni, na karibu yote inaanzia msibani. Watu wananiuliza kwa nini. Sasa mnajua.

Funzo nililopata, kama mnataka funzo: filamu unayoipenda itakupa namna ya kumrudisha mtu, na hiyo si kazi ndogo. Ila mtu mwenyewe harudi, na mwandishi asijidanganye. Baba hakupona kwa sababu mama alirudi. Alipona kidogo pale alipokiri kwamba aliyesimama jikoni ni mimi. Nami nilikuwa namhitaji aone hilo kuliko makofi ya ukumbi wowote.

Kucheka ruksa, kukosoa ruksa, hata wa kunisahihisha Kiswahili changu cha mchanganyiko waje.

Ila nina swali, na naomba mtu anijibu kwa dhati. Kuna yeyote hapa aliyewahi kuandika kitu kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo akaondoka kabla ya mwisho, na hukupata tena nafasi ya kumwita? Wewe ulifanyaje?