Honi kwa Baba Mkwe

Aliyebuni gari lenye paa la turubai na madirisha ya plastiki hajawahi kuishi Singida. Huku upepo hauombi ruhusa, na vumbi lina makazi ya kudumu. Mimi nimezaliwa huku, nayajua yote hayo, na bado nikalinunua. Msomi mzima, mwalimu wa fizikia.

Kilikuwa kigari kifupi cha milango miwili. Paa unalikunja, madirisha unayafungua kwa zipu kama begi la shule. Walimu wenzangu walikiita hema. Niliwahurumia kwa kutoelewa maendeleo.

Madirisha yalianza kufifia mwezi wa kwanza tu. Kila asubuhi niliyafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu zote, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na kila asubuhi nikayaongezea mikwaruzo. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akanishauri nipake mafuta ya alizeti. Kwetu alizeti ni jibu la kila swali: ngozi ikikauka, mlango ukilia, mtoto akikohoa. Nikapaka. Plastiki iling'aa vizuri sana kutoka nyumbani hadi barabarani. Baada ya hapo vumbi lote la kwetu Unyambwa likaja kukaa juu yake na halikutaka kuondoka. Nikalitoa kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Hapo ndipo nilipomaliza kazi kabisa: madirisha yakawa kama yamepakwa mtindi.

Cha mbele kilikuwa kioo halisi, Mungu ashukuriwe, kwa hiyo barabara niliiona. Pembeni niliona vivuli tu. Kirefu nilikihesabu nguzo ya umeme, kifupi mbuzi, nikaendelea na safari zangu kwa amani.

Tatizo ni kwamba mwezi huohuo nilikuwa nimepeleka posa. Binti tulikuwa tunafundisha shule moja, na nyumba ya baba yake ilikuwa hapohapo Unyambwa, kando ya barabara niliyopita kila siku kwenda mjini. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo. Alikwenda, akarudi kabla chai yangu haijapoa.

"Mzee anasema mtoto wake haolewi na mtu mwenye dharau," alisema. "Umempita asubuhi nne, anakuinulia mkono, hata shikamoo hutoi. Ya tano ukampigia honi."

Nikakumbuka. Kilikuwa kivuli kifupi upande wa kushoto. Kumbe mzee alikuwa ameinama anapalilia alizeti zake.

Kwetu kijana husamehewa mengi, lakini si kumpita mzee bila kumwamkia. Na kumpigia honi baba mkwe mtarajiwa, hilo hata mama yangu mzazi hakulitafutia utetezi. "Hata mimi ningekunyima," alisema, akaendelea kupepeta mtama wake. Nilimpenda yule binti, na nilikuwa naelekea kumkosa kwa sababu ya plastiki.

Jumamosi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Kwanza maji mengi, vumbi liondoke lenyewe bila kusuguliwa. Kisha dawa ya meno kidogo kwenye kipande cha khanga kuukuu, nikizungusha taratibu, nasuuza, narudia. Kutwa nzima. Dirisha la dereva likarudi kuona. La kushoto baba mdogo akanikataza kuligusa.

"Hilo liache," alisema. "Hilo ndilo ushahidi."

Jumapili baada ya ibada tukaenda. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Nikasimamisha gari kando ya shamba, nikashuka, nikamwendea, nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alikuwa analitazama gari. Nikarudia. Kuku wakapita katikati yetu bila haraka. Aliyewahi kunyimwa marahaba anajua kwamba kofi lina nafuu.

Baba mdogo akaanza hotuba ndefu juu ya plastiki na jua. Mzee akamwachia maneno yake hewani, akainuka, akaenda kuketi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Akatoa kichwa.

"Kijana, nenda shambani, kushoto kwa gari. Inama. Palilia."

Nikainama katikati ya alizeti na shati langu la ibada, nang'oa magugu kwa mikono. Honi ikalia. Ndefu. Niliruka kama niliyeumwa na siafu. Kutoka mlangoni mwa nyumba nikamsikia binti anacheka, na baba mdogo, mtetezi wangu, naye anacheka.

Mzee akashuka. "Kweli hukuniona," alisema. "Hata mimi nimeona mbuzi."

Nikashusha pumzi.

"Lakini ulijua kwamba huoni. Mtu akijua haoni, anaamkia kila kitu. Ukimwamkia mbuzi unapungukiwa nini?"

Kwenye fizikia hatukuifikia mada hiyo.

"Shikamoo, mzee," nikasema mara ya tatu.

"Marahaba."

Binti yake sasa ni mama wa watoto wangu. Kigari bado ninacho, na madirisha nayaosha kila Jumamosi kwa maji mengi na khanga laini. Hata hivyo sijiamini. Nimeshawaamkia mbuzi wengi, na nguzo mbili za umeme.

Siku hizi ni macho ya mzee yaliyofifia. Tumempeleka hospitali mara tatu, na huko hawana dawa ya kuyarudisha. Anakaa kwenye kigoda kilekile, na kila kinachopita barabarani, iwe mtu, pikipiki au upepo kwenye alizeti, anakiitikia. Kabla hata hakijasema lolote. Anaogopa asije akamnyima mtu.

Juzi nilisimamisha gari mbele ya nyumba yake, nikamwona vizuri kabisa kupitia dirisha. Mbuzi wa jirani akakatiza mbele ya miguu yake.

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema.

Nilikaa na mkono kwenye kitasa cha mlango, nikashindwa kushuka.