Msumari wa Ukuta wa Nne

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na sebule yake ilijaa wachungaji. Kuta tatu nzima zilifunikwa na picha za kale za wahubiri wa Kiprotestanti, zilizochapwa kwa bamba la shaba kabla babu yake hajazaliwa: wenye ndevu, wenye kola nyeupe, wote wamekunja nyuso kama waliocheleweshewa chakula. Marehemu mkewe alikuwa akila amewapa mgongo.

Njia yake ya kuzipata ilikuwa moja tu. Akisikia mchungaji mstaafu au mjane wa mchungaji yu hoi, huenda kumjulia hali akiwa na karatasi ya kaki na kamba kwapani, awahi kabla watoto hawajazitupa. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba kwa upole, akafunga kwa ustadi, na wiki mbili haziishi mnamkuta kwenye msiba wa mgonjwa yule yule. Ikafika mahali watu wakimwona anakata kona wanafunga mageti.

"Mzee Kaki anakwenda kwa nani leo?" waliulizana, na wala hawakuwa wakitania.

Ukuta wa nne ulikuwa na msumari mtupu. Ukiuliza, unaambiwa kuna picha haijafika. Picha yenyewe ilikuwa ya urithi wa baba, na ilitundikwa chumbani kwa dada yake: mhubiri mzee ameshika Biblia, kidole kimoja katikati ya kurasa. Dada alishakunywa chai mara nyingi chini ya msumari ule, akijua fika unangoja nini.

Dada alipougua, mzee alikaa siku tatu bila kwenda. Aliogopa. Siku ya nne alikwenda mikono mitupu, ili dada aone aliyekuja ni ndugu yake, si Mzee Kaki.

Kando ya mlango wa chumba alikuta furushi la kaki, limefungwa kamba mafundo mawili, kama afungavyo yeye. Juu ya kitanda, ukuta ulikuwa na alama safi ya mraba.

"Nilimwambia binti yangu aishushe," dada alisema. "Tangu juzi inakungoja."

"Dada, mimi nimekuja kukuona tu."

"Wote ulikwenda kuwaona, mdogo wangu."

Alitaka kuapa, akashindwa. Alipoliona lile furushi, kabla ya huzuni, moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, na dada alikuwa akimtazama usoni muda wote. Aibu ilimchoma.

Alilifungua haraka, akapanda kigoda na kuirudisha picha mahali pake. Akainyoosha. Bila kujua, akatandaza vidole na kuipima kwa shubiri, upana, kisha urefu.

"Itaenea pale kwako?" dada aliuliza kutoka kitandani.

Mkono wake uliganda juu ya fremu. Ingeenea barabara.