Pono Wawili Waliokuwa Mmoja

Bi Mardhiya wa Vitongoji ana miaka hamsini na nne, na zaidi ya thelathini ameimaliza akipaa samaki na kuwakaanga. Kaka yake Rajab huwavua kwa madema, ile mitego ya kusuka inayotegwa pembezoni mwa mwamba. Bi Mardhiya huwapokea ufukweni, huwapasua, huwatia chumvi na ndimu. Mwambani kwenyewe, miaka yote hiyo, hakuwahi kufika.

Mwaka jana akaja Recho, afisa uvuvi kutoka bara, kuorodhesha samaki wa mwamba ule. Aliketi na wavuvi, akawa anawaonesha kitabu cha picha nao wanamtajia majina. Walipofika kwa pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, Rajab alimwambia aandike wawili: pono mwekundu, mdogo, wa rangi ya udongo, na pono majani, mkubwa, kijani kilichochanganyika na buluu. Wenzake wakaafiki. Recho akaandika wawili.

Bi Mardhiya alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kisu mkononi, magamba yamemrukia mpaka shingoni.

"Hao ni mmoja, mwanangu," alisema.

Wanaume wakacheka, bila ubaya. Rajab akamuuliza ameanza kuvua tangu lini. Bi Mardhiya akaweka kisu chini. Alimweleza Recho kwamba kwenye wekundu hukuta mayai, na kwenye wale wa majani hajapata kukuta hata yai moja. Matumbo ya wote hujaa mchanga uleule mweupe wa matumbawe waliyoyasaga. Tena siku moja, baada ya Idi, alimpasua mmoja ambaye kichwa kimeshakuwa kijani na mkia bado mwekundu, na ndani mna vijiyai vichache vilivyonyauka.

"Jike yule alikuwa anageuka dume," alisema. "Mie sikumwambia mtu. Nani angenisadiki?"

Recho akakifungua tena kitabu, safari hii akasoma na maandishi. Akawasomea wote: pono huyu huanza na rangi ya udongo, na baadhi ya majike hugeuka madume ya kijani. Akafuta mstari mmoja daftarini. Rajab alijikuna kidevu, akasema basi miaka yote hii yeye alikuwa akivua mke na mume.

Ilipofika bamvua, siku za mwezi mpevu maji yanapokupwa sana, Rajab mwenyewe ndiye aliyempeleka dada yake mwambani. Recho alimvisha miwani ya kuzamia, akamshika kiuno, naye Bi Mardhiya akainama ubavuni mwa ngalawa na kutia uso majini. Matumbawe yalikuwa ya zambarau na manjano, na pono wakiyang'ata kwa mlio anaousikia kabisa, kra, kra, kama watu wanaokula bisi. Dume mmoja wa kijani alikuwa akizunguka na wekundu sita nyuma yake.

Alirudi mtandio umelowa, akawahadithia wanawake wenzake mpaka alasiri. Bamvua iliyofuata Rajab aliondoka bila madema, kwani ngalawa ilijaa wanawake hao, wakienda kujionea.