Watoto wa Tumbo Moja kwa Robine

Hii mwanzo wa vakansi, masomo imefungwa, nilijikuta nimekaa juu ya bidoni ya maji ya mutu, kwa robine, bomba ya hapa kwetu Nyakasanza, mbele ya wanawake wote. Si ugonjwa. Ni matusi. Na si matusi ya walevi, ile tumeshazoea, inapita kama upepo. Hii ilitoka kwa kinywa ya watoto wawili, na weye rafiki yangu, ukijua ni watoto wa nani, na weye ungetafuta pa kukaa.

Asubuhi ile Gloire, mutoto wa mwana wangu wa kwanza mwenye ninaishi naye, alitoka mapema kupanga bidoni zetu kwa mustari wa maji. Alipokwisha kutoka, gari ya Mambasa ikafika, ikashusha mujukuu wangu mwengine, Asifiwe. Baba yake ni mwana wangu wa mwisho, mwenye alienda kule porini kufanya kazi ya mbao, akaoa kule, akazaa kule. Ilikuwa mara ya kwanza mutoto huyu kukanyaga Bunia. Nikamukumbata, nikamunusa kichwa kama mutoto muchanga, nikamupa chai. Halafu nikamwambia:

"Kamata hii bidoni ndogo, fuata njia mpaka kwa robine. Utakuta yaya yako, mukubwa wako Gloire, kule, mutarudi pamoja."

Niliona ni neno ndogo. Mutoto atakosa namna gani kumujua ndugu yake?

Nikavaa kandambili zangu, nikamufuata polepole. Mbele sijafika kwa kona, nikasikia:

"Weye mutoto wa pori, rudi nyuma! Hapa siye hatupange mustari na nyani!"

Ilikuwa sauti ya Gloire wangu.

"Nyani ni tate yako! Tate yako mwenye alikosa kukulea! Muchawi wa jino moja!"

Na hiyo ilikuwa Asifiwe, mwenye chai yangu ilikuwa haijakauka kwa midomo yake. Tate, kwetu, ni mama ya baba ao mama ya mama. Ndiyo kusema, ni mimi.

"Tate yangu? Tate yako weye! Anakula watu kule porini, anatafuna na mifupa!"

Hiyo tena ni mimi.

Jirani yangu, muuza makala ya kupikia, alinitazama, akatazama wale watoto, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama mukubwa, banagombania kichwa yako! Utamupa nani?"

Nilitaka kujibu kwamba meno yangu si moja, iko mengi bado. Ni pale nilikaa juu ya bidoni. Watoto wa baba wawili wenye walinyonya ziwa moja, ziwa yangu, wanakutana kwa maji kama mbwa wa vijiji viwili! Na tena, usisahau, Gloire alikuwa na sura ya Asifiwe ndani ya telefone ya baba yake. Alikuwa anamutumia mioyo myekundu kila Siku ya Mungu. Lakini mutu mwenyewe akasimama mbele yake na bidoni kwa mukono, hakumujua.

Siye, wakati wetu, jambo kama ile haingefanyika. Mwalimu alikuwa anamaliza kusoma majina ya wenye wamepanda darasa, kesho yake siye tuko juu ya kamyo, juu ya mifuko ya chumvi, tunashuka Tchomia kwa tate yangu, mama ya mama. Njia inashuka, inashuka, joto inapanda, na mbele haujaona ziwa, pua imeshafika: moshi, samaki, mapezi yenye inakauka kwa jua. Wana ndugu walikuwa wanatoka pande zote, wengine kwa milima ya ng'ombe, wengine kwa machimbo ya zahabu, wengine hapa Bunia. Mpaka leo ninaweza kukuitia wote. Vero mwenye kulia bure. Ngabu mwenye kuiba mafuta ya mawese kwa kidole. Anyesi, meno ya mbele ilimutangulia kufika. Pilo, na mudogo wake Dhena mwenye hakukubali kulala mbele haujamushika sikio.

Kazi ilikuwa ya wote. Kuleta kuni, kutoa majivu, kugeuza samaki juu ya moshi mpaka macho inatoka machozi na unaonekana kama mutu wa matanga. Nyuma ya kazi, kufunga. Wachuuzi walikuwa wanaletea tate karatasi za kufungia samaki: magazeti ya zamani, kurasa za vitabu vya masomo yenye imepasuka. Tate hakujua herufi hata moja. Lakini alikuwa na sheria yake: "Karatasi haifunge samaki mbele haijasomwa." Unasimama mbele yake, unasoma kwa nguvu, yeye amekaa na kisu kwa mukono, sikio imeinama. Ukiruka neno, anajua. Sijui alijua namna gani. "Rudia pale, ulikimbia," anasema. Nasi tunasoma bei ya kahawa ya miaka yenye ilipita, habari ya watu wenye wamekwisha kufa, nusu ya hadisi yenye mwisho yake ilienda na samaki ya mutu mwengine.

Mimi masomo yangu iliisha mbio, nilikuwa binti na nyumbani kulikuwa watoto wa kubeba. Hizi herufi zenye ninakuandikia leo, nyingi nilizitoa kwa samaki wa vakansi. Nikifungua Biblia mpaka sasa, ninasikia harufu ya moshi.

Lakini masomo ya kweli ilikuwa kwa sahani. Jua likianza kushuka upande wa milima, tate anaweka bugali moja kubwa, sombe ya majani ya muhogo, na samaki ndani ya mawese, siye wote tunaizunguka. Hakuna mukono inaingia. Kwanza kila mutu amutaje mwenye amekaa mbele yake: jina, mutoto wa nani, na ni nani kwake. "Huyu ni Ngabu, mutoto wa kaka ya mama yangu. Ni kaka yangu, ijapo anakojoa kwa mukeka." Tunacheka mpaka bugali inapoa. Mwenye kukosa anakula ukoko, ule unashika chini ya chungu. Na nyuma ya wote, tunataja jina ya tate mwenyewe, kwa sauti ya chini. Muchana, mutoto akisema jina ya tate, ni fimbo. Pale kwa sahani tu ndipo ilikubaliwa. "Jina yenye haitajwe inalala njaa," alikuwa anasema. Tunainamisha vichwa, tunasema: Lotsove. Na mimi nilikuwa ninaisema na haya kidogo, sababu ni jina yenye walinipa na mimi.

Basi, niliwaita wote wawili, nikawaambia: yule tate munamutukana ni mimi, na ninyi ni ndugu. Tulirudi watatu na maji yetu, Gloire ameinama kama kuku ya mvua, Asifiwe nyuma yake. Nikaenda sokoni, nikanunua ndakala, wale samaki wadogo. Waliniwekea ndani ya mufuko mweusi wa plastiki, hauna hata neno moja ya kusoma. Nikapika. Nikaweka sahani moja.

Mwana wangu, baba ya Gloire, akakunja uso. "Mama, siku hizi kila mutoto na sahani yake. Ni usafi."

"Usafi? Ulisikia vinywa vyao leo?"

Akakaa.

Nikawapa ile sheria. Gloire akaanza, macho kwa mukeka. "Huyu ni Asifiwe, mutoto wa baba mudogo. Ni mudogo wangu. Ni yeye aliita tate muchawi."

"Weye ulianza na nyani!"

"Ile haiulizwe kwa sahani!"

Nikawaacha wamalize. Halafu nikauliza: "Na mimi?"

"Tate," wakajibu pamoja.

"Tate ni kazi. Jina yangu?"

Asifiwe akamutazama Gloire. Gloire akamutazama baba yake. Na mwana wangu, mwenye nilimubeba kwa mugongo, akafungua kinywa, akafunga. Anaijua, ameiona kwa karte yangu ya utambulisho. Lakini haijapita kwa ulimi wake hata siku moja, ikamukwama pale.

Ile ilinipiga kuliko matusi. Wenye walikuwa na ruhusa ya kuniita jina walikuwa wale wa sahani ya Tchomia. Vero alikufa. Ngabu na Pilo, vita iliwakamata njiani. Anyesi alizikwa kule ng'ambo ya ziwa. Dhena ndiye wa mwisho, na yeye alienda kwa Mungu. Tangu yeye, hakuna mutu duniani ameniita. Mimi mwenye ninashika majina ya wote, yangu imelala njaa, na sikujua.

"Lotsove," nikawaambia.

Asifiwe akarudia kwa sauti ya chini, hakuna mutu alimufundisha kuishusha. Gloire nyuma yake. Mwana wangu akainamisha kichwa, na yeye akasema. Ndipo tukala.

Nyumba ya Tchomia haiko tena. Vita ilipita pale, ikarudi, ikapita tena. Hata mahali ya moshi, walioenda wananiambia majani imeota. Karatasi zimekwisha, kamyo ya chumvi imekwisha, na sheria ile nilikuwa nimeiacha ilale ndani yangu, nikizania telefone itanifanyia kazi.

Kesho yake nilisikia tena kelele kwa robine. Nikakaza mwendo. Kulikuwa binti mukubwa amesukuma bidoni ya Asifiwe, na Gloire amesimama katikati, mikono kwa kiuno:

"Gusa tena uone! Huyu ni mudogo wangu! Siye ni wa Lotsove!"

Jina ya tate, katikati ya njia, muchana kweupe. Kwa Tchomia ile ilikuwa fimbo. Nilisimama nyuma ya ukuta wa muuza makala, nikangoja aseme tena.