Ndege ya Mpeasi Iliyochomwa Kwenye Karatasi Tu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, theluji imeziba nusu ya mlango wa karakana ya mbao mjini Lugovinsk. Rimma Savelyevna Kubasova anaikanyaga, anaisukuma kwa buti, kisha anabonyeza muhuri wa udongo alioubandika mlangoni jana jioni. Mzima. Hakuna aliyeingia. Anaubandua, anafungua, anawasha taa.

Leo hateleki chai. Anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho, nyuma ya mbao chakavu, na kuvuta turubai. Chini yake imelala ndege ya kivita yenye urefu wa mita mbili, ya mti wa mpeasi, vanishi yake rangi ya asali. Anapitisha kidole cha pete juu ya bawa, maana kidole cha shahada kimeota sugu na hakisikii kitu tena.

Nje, lori limeshafika. Jengo limeuzwa. Saa nne kamati itaingia kukagua ghala, na kila kisicho na namba kwenye orodha kitachomwa uani kabla ya saa sita.

Ndege hii haina namba. Kwa mujibu wa karatasi, iliteketezwa mwaka 1989, mbele ya mashahidi watatu. Mmoja wao ni Rimma mwenyewe.

"Shangazi, nyamaza tu," Alevtina, karani wa ghala, anamwambia Rimma akikung'uta theluji mabegani. "Ni mti. Miti iko tele huko nje."

"Ungekuwa mti tu ningekuwa nimeshakunywa chai."

Rimma ana miaka sitini na tisa. Aliingia karakana hii akiwa na kumi na tisa, msichana pekee kati ya wanaume kumi na wanne, na kazi yake tangu hapo ni kuchonga vielelezo, zile ndege za mbao zinazopulizwa upepo wa feni kubwa kabla ya ndege yenyewe kuundwa. Mshahara wake ni ruble elfu thelathini na nane kwa mwezi. Ukiongeza pensheni, anapata dawa za presha na kupasha joto vyumba viwili.

Miaka ile ya Usovieti, wasanifu walichora ndege nyingi ndogo za kivita, nyepesi, za injini moja, za kuundwa kwa wingi bila gharama kubwa. Zilizopita mikononi mwa Rimma zilikuwa saba. Hakuna hata moja iliyopata rubani.

"Marehemu mume wangu alikuwa akinitania," anasema. "Nikirudi nyumbani ananiuliza, haya, leo umemlea mtoto gani asiyezaliwa?"

Ya saba waliiita Kumi na Nne. Gleb Nikanorovich, aliyeongoza wasanifu wake, alishikilia kwamba pua ya ndege hiyo haitainuka ovyo ikipunguza mwendo. Wakubwa walisema itainuka, na rubani atakufa. Upepo ndio ungeamua. Zikiwa zimebaki siku tisa kielelezo kipulizwe, amri ikaja: mradi umefungwa, michoro ikatwekatwe, kielelezo kichomwe, watu watatu watie saini.

Wakachoma kingine. Rimma alikuwa na kile cha kwanza, alichokiharibu mwenyewe kwa kuacha bawa la kushoto limezidi unene kwa milimita mbili.

"Tulisimama mimi, Gleb Nikanorovich na Tamara wa ofisi ya nyaraka za siri, tukatazama moshi," anakumbuka. "Tamara akasema, moshi hauna namba, tieni saini twende, miguu inaganda."

Saa nne na dakika tano kamati inaingia. Mwenyekiti wake, Lev Arkadyevich Moshkin, ana miaka thelathini na sita na haraka nyingi. Anataja rafu, Alevtina anasoma orodha, wabebaji wanatoa. Rafu ya tano. Ya sita. Kutoka uani, harufu ya mafuta ya taa imeshaanza kuingia ndani.

"Ya saba?"

"Mbao chakavu," Alevtina anajibu bila kuinua macho.

Mbebaji anashika turubai. Moshkin anaona ncha ya bawa, anamzuia kwa mkono. "Na hii?"

Alevtina anageuza ukurasa usio na kitu cha kusomwa.

"Hiyo ni Kumi na Nne," anasema Rimma. "Nilitia saini kwamba nimeichoma. Sikuichoma."

"Unajua unachokisema, Rimma Savelyevna?"

"Najua. Nimekijua miaka thelathini na mitano."

"Na hao wengine waliosaini?"

"Makaburini wote wawili. Wa kufokewa nimebaki mimi."

Moshkin anaagiza faili la mwaka ule. Analisoma amesimama, koti mwilini. Nje dereva wa lori anapiga honi. Kisha anamvuta Rimma pembeni na kusema polepole, kama anayemweleza mgonjwa.

"Nikiandika mbao chakavu, inaungua, na mimi sijasikia kitu. Nikiandika kielelezo, lazima nionyeshe kimetoka wapi. Utaandika maelezo kwa mkono wako, yataenda kwa wanasheria. Kitambulisho cha kuingilia nitakichukua leo hii. Chagua, mama. Watu wanasubiri."

"Kalamu unayo?"

Aliandika kurasa mbili akiwa ameegemea meza yake ya randa. Alevtina, anayekiri kwamba alimkasirikia mno, alimshikia taa. Kabla ya saa sita ndege ilikuwa na namba, na Rimma alikuwa nje ya lango.

Hiyo ilikuwa Novemba. Mkataba wake ulivunjwa mwisho wa mwezi. Wanasheria hawajasema kama shauri litafika mahakamani. Kila gari likipunguza mwendo karibu na nyumba yake, anasogea dirishani. Anapokula, anakula amesimama, sufuria yake ya uji wa ngano nyeusi mkononi.

Lakini chuo cha ufundi wa anga, kilicho mji wa pili ukienda kwa treni, kimeikubali ndege hiyo. Kina feni ndogo ya wanafunzi, na getini pale hawadai kitambulisho cha kuingilia. Machi kumi na nne wataipuliza, na Rimma amealikwa.

"Huenda wakubwa walikuwa sahihi," anasema. "Huenda pua itainuka, na nimepoteza kazi kwa ajili ya ndege mbaya. Basi nitapanda treni nirudi, angalau nikiwa najua."

Na isipoinuka?

Kidole chake cha pete kinatembea ukingoni mwa meza.

"Nitawaomba wazime feni, halafu wawashe tena, niione mara ya pili."