Lenzi Fupi ya Bi Sitan

Mjini Bamako mpiga picha hupimwa kwa urefu wa lenzi yake. Ukitokea harusini na kidude kifupi, wenye shughuli wanakutazama kama mtu aliyefuata wali. Bi Sitan Traoré alilijua hilo vizuri, na lilimkera. Miaka mingi alikuwa mbeba begi wa mumewe, Lassine Doumbia, fundi wa picha hasa. Macho ya Lassine yalipoanza kuingia ukungu, lenzi yao nzuri iliuzwa kwa ajili ya matibabu, na kamera ikahamia mikononi mwa mkewe. Matibabu hayakufua dafu. Sasa Lassine aliona vitu vikubwa tu, tena mpaka akae mlangoni penye mwanga, na hata hivyo kila mwezi uoni wake ulizidi kupungua.

Hapo ndipo mkwe wao, mke wa mwana wao Dauda, alipojifungua mtoto wa kike, wa kupewa jina la marehemu mama yake Lassine, Niele. Lassine alimpakata mjukuu, akamsogeza karibu na uso wake, akamrudisha nyuma, akamsogeza tena. Uso wa kichanga ni mdogo. Hakuambulia kitu.

"Mama Dauda," alimwambia mkewe, "nipigie huyu mama yangu picha. Uisafishe kubwa, kama sinia. Nimwone kabla sijazima kabisa."

Sitan alifungua akiba yake, akaenda kwa Ngolo Diarra, muuza kamera za mitumba. Ieleweke kwamba akina Traoré na akina Diarra ni watani tangu enzi za mababu, na mtani kazi yake ni kukosa adabu: kumwita mwenzake mla kunde au mtumwa, na hakuna wa kukasirika.

"Mla kunde huyo anakuja," Ngolo alisema hata kabla ya salamu. "Ficheni sufuria."

"Na wewe mtumwa wangu, nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti? Nionyeshe lenzi. Nzuri."

Mezani kulikuwa na mbili zilizoingia kamera yake. Moja ndefu, nzito, ya kuvuta vya mbali viwe karibu, ya kumnyamazisha kila mtu harusini. Nyingine fupi, nyepesi, ya plastiki, bei yake haifiki hata nusu. Sitan akaishika ile ndefu. Ngolo akamsukumia ile fupi.

"Chukua hii. Hiyo nyingine haimfai mla kunde."

"Kwa nini isinifae?"

"Ina mwili, macho haina. Ndani ya nyumba haioni kitu. Hiki kifupi kioo chake kinafunguka sana, kinaingiza mwanga. Hakivuti, sawa, lakini miguu si unayo?"

"Hiyo roho mbaya, Diarra. Unataka niende kwenye shughuli za watu na kikombe cha kahawa."

Ngolo akaangua kicheko, na hapo ndipo alipoharibu. Alipocheka tu, Sitan akajua pasi na shaka kwamba ni utani. Akalipa akiba yote, akaondoka na ile ndefu kifua mbele.

Siku ya saba, siku ya jina, ua ulijaa watu tangu asubuhi. Mzazi na mtoto walikuwa chumbani, pazia limeshushwa. Koniba, wifi yake Sitan, aliyekuwa akimwogesha mtoto, alikataa katakata mtoto kutolewa nje kwenye vumbi, na flashi akaipiga marufuku.

"Umulike macho ya kichanga? Upofu wa nyumba hii haujawatosha?"

Basi Sitan akapiga hivyo hivyo. Picha ikatoka giza. Akajaribu kuipa kamera muda zaidi wa kukusanya mwanga. Mtoto akajinyoosha, uso ukafutika. Alipiga nyingi, na katika zote Niele hakuwa na pua wala mdomo. Ndivyo Lassine anavyomwona kila siku, aliwaza, na wazo hilo likamtoa nje, akaenda kusimama nyuma ya jiko na kulia.

Ngolo alimkuta huko. Alikuwa amekuja kupiga kelele kama watani wanavyopaswa, kudai mtoto ni wake na kunde ni zake. Alipomwona analia, aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa ile lenzi fupi.

"Siku ile sikuwa nakutania, Sitan."

"Ningejuaje? Miaka yote hujawahi kuniambia jambo la maana."

"Kweli. Nirudishie hiyo ndefu. Chenji yako utaifuata dukani."

Lenzi isiyovuta humlazimu mwenyewe asogee. Sitan alipiga magoti kwenye mkeka, akainama mpaka akasikia harufu ya siagi ya shea aliyopakwa mtoto utosini. Niele akafumbua macho. Sitan akabonyeza.

Picha ilisafishwa kubwa kama sinia. Lassine aliketi nayo mlangoni, akaipitisha taratibu mbele ya macho yake, kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma. Alipofika kwenye paji la uso alisimama.

"Karibu, mama," alisema. "Umerudi na paji lako lile lile la ubishi."

Sitan alicheka, akijifuta macho. Alidhani kazi imekwisha. Lassine akaiweka picha mapajani.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Na wewe nataka yako, kubwa hivi hivi. Uso wako nimeupoteza tangu mvua za mwaka jana, Sitan. Nilikuwa nageukia ilikotoka sauti yako, nacheka, usijue."

Sitan alileta kamera, akampa, akakaa mbele yake magoti yakigusana, na akaushika mkono wa Lassine kuuonyesha ulipo uso wake.