Gari Nyuma ya Kufuli la Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, haijawahi kunitoka kichwani. Hunijia mchana kama ndoto, joto likiwa limekaa juu ya mji wetu wa Baraka na ziwa limetulia hata huoni linapoishia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na magari ya mji mzima ungeyahesabu kwa vidole. Moja lilikuwa kamioneti, gari dogo la mizigo, ya baba yangu mdogo, na dereva nilikuwa mimi. Niliendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha, ili wasichana waone. Cheka tu, mwanangu. Ujana ni moshi.

Gari tulililaza katika lupango ya Mzee Wilondja, ua wa matete kando ya ziwa, kwa ruhusa yake. Binti yake, Nyota, nilikuwa nimemposa, na posa ilikuwa imepokelewa. Nawe unaijua desturi yetu: mkwe wa kiume hasimami mbele ya mama mkwe, wala hasemi naye. Mkikutana njiani, unaingia majanini, unainamisha macho mpaka apite.

Siku hiyo nilivuka kwa mtumbwi hadi Ubwari kuchukua samaki wa kupeleka Fizi. Niliporudi adhuhuri, nikakuta lango limefungwa kwa kufuli kubwa. Jirani, mama aliyekuwa akianika mihogo, akaniambia Mzee Wilondja ameenda msibani Kilembwe, na ufunguo anao mama mkwe, humo ndani.

Nikabaki nimesimama. Samaki walianza kunuka ndani ya vikapu. Kuuliza si ujinga, lakini mimi ningemuuliza nani? Kumbe ningeweza kumtuma yule jirani, mwanangu, hatua kumi tu. Sikulifikiria hilo. Niliona haya, kisha haya ikageuka hasira: kwa haki gani wanafungia gari la watu? Nikaokota jiwe nikavunja kufuli, nikatoa gari nikaenda zangu Fizi nikipiga mluzi.

Siku ya tatu nikaitwa kwenye baraza la chifu, Mzee Wilondja amenishtaki. Nilijiamini sana, maana gari lilikuwa letu. Mzee aliyeamua kesi alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba mtu akikuwekea gari hana ruhusa ya kukunyima, na kwamba Wilondja alikosea kuondoka bila kutuaga. Kisha akaniuliza polepole:

"Motokari ni ya kwenu, hakuna anakatala. Na ile kufuli, ilikuwa ya nani?"

Nilikuja na haki yangu nzima, nikaivunja kwa jiwe langu mwenyewe. Aliyekutwa na ngozi ndiye mwizi.

Halafu akaitwa mama mkwe. Alisema akiwa amenipa mgongo, kama desturi inavyotaka, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimusikia wakati alifika. Nilikuwa nyuma ya matete, ufunguo iko mu mukono. Nilikuwa nangoja atume ata jirani moja."

Mwanangu, maneno hayo yaliniuma kuliko hukumu. Niliamriwa kuleta kufuli jipya, na hilo lilikuwa jambo dogo. Lakini jioni ile Mzee Wilondja aliirudisha posa nyumbani kwetu. Alimwambia baba, "Muntu anavunja mulango yangu leo, kesho atavunja mutoto yangu." Nyota akaolewa na mwingine, huko Misisi. Nilimpenda, na sikuwahi kumwambia.

Basi nisikilize. Gari lako likifungiwa ndani ya ua wa mtu, haki yako haijafungiwa nalo. Uliza kwanza nani ana ufunguo. Kama huwezi kusema naye, kwa desturi au kwa ugomvi, tuma mtu. Akikataa, ita majirani wawili waone kwa macho yao kwamba umeomba na umenyimwa, kisha nenda kwa chifu au kwa polisi, na wao ndio wafungulishe. Mwenye gari ana haki. Mwenye gari na jiwe ana kesi. Hasira hasara, na hasara nyingine hailipiki kwa kufuli jipya.

Mungu akutulize mkono unapowaka moto, mwanangu. Akupe ulimi wa kupiga hodi, na kila mlango utakaoukuta umefungwa, akukumbushe kwamba huenda nyuma yake yupo mtu ameshika ufunguo, anakungoja.